Kujiunga na klabu za wanafunzi Japani kwa anayetoka Unguja au Pemba

Mwanafunzi anayekwenda chuo cha Japani kwa mpango wa kubadilishana hukuta mengi yameshapangwa: chumba cha dakhalia, kadi ya maktaba, ratiba ya masomo, hata mtu wa kumpeleka ofisi ya manispaa kuandikisha anwani. Marafiki hawamo katika orodha hiyo. Darasani watu huingia, husikiliza na kutoka, na wale unaowaona wanakula pamoja mchana aghalabu wamejuana klabuni. Klabu nayo haimfuati mgeni. Ina msimu wake wa kupokea watu, ina namna yake ya kupigiwa hodi, na ina mambo inayoyatarajia bila kuyatamka.

Wengi huteleza pale pale mwanzo kwa kuchagua klabu kwa kuangalia inachofanya tu: napenda mpira, nitakwenda kwenye mpira. Kumbe mpira peke yake, katika chuo kikubwa, una makundi mengi, na kinachoyatenganisha ni mahudhurio. Pima kwanza mzigo wa mahudhurio, halafu ndiyo uangalie mchezo au sanaa yenyewe.

Bu na saakuru

Kundi zito huitwa "bu", na yale ya michezo yanayokiwakilisha chuo rasmi hukusanywa chini ya jina la "taiikukai". Hawa hufanya mazoezi siku nne hadi sita kwa wiki, mara nyengine asubuhi mapema kabla ya kipindi cha kwanza, na likizo zao huliwa na kambi na mashindano. Wanacheza ligi za vyuo, na mchezaji huandaliwa kwa miaka. Mtu wa miezi mitano ni shida kumweka humo, kwani siku atakayokuwa ameiva ndiyo siku atakayopanda ndege. Baadhi ya bu humpokea mgeni kama "maneejaa", yaani mwenye kuandika matokeo, kupanga vifaa na kutayarisha maji. Ni kazi yenye heshima yake lakini si kucheza, kwa hiyo ulizia mapema umekubaliwa kwa lipi.

"Saakuru" ni nyepesi zaidi: mara moja au mbili kwa wiki, na mtihani ukikaribia shughuli husimama. Katikati utasikia "dokokai", kundi la wapenzi wa jambo moja. Majina haya lakini si mizani. Ziko saakuru za tenisi zenye mazoezi makali, na ziko saakuru za tenisi ambazo raketi hazitoki mkobani na shughuli kubwa ni kwenda kunywa. Za aina hii ya pili Wajapani wenyewe huziita "nomisaa", na kwa Mwislamu hazina faida.

Kuna tofauti nyengine mbili za kujua. Klabu iliyotambuliwa na chuo huitwa "konin". Ina chumba chake, ina mwalimu mlezi, na ina haki ya kutumia viwanja na ukumbi wa michezo. Isiyotambuliwa hukodi kumbi za manispaa nje ya chuo. Si lazima iwe mbaya, ila ulinzi wake ni mdogo. "Inkare" ni klabu inayochanganya wanafunzi wa vyuo mbalimbali. Utajuana na watu wengi, lakini nauli ya treni kila wiki itakuwa juu yako.

Kwa anayetoka kwetu, baadhi ya milango ni myepesi kuliko inavyoonekana. Klabu za "shogi" na "igo", michezo ya ubaoni, hazidai lugha wala misuli, na aliyelelewa kwenye baraza la bao huzoea haraka kukaa saa mbili bila kusema. Klabu za muziki wa bendi, "keion", hupanga bendi mpya mara kwa mara, na mpiga besi au ngoma hasubiri muda mrefu. Mwenye fidla atazamie "okesutora", ambako kuna majaribio ya kuingilia. Judo inajulikana Unguja kwa miaka mingi, na mwenye mkanda aeleze kiwango chake kwenye ujumbe wa kwanza. Upinde wa Kijapani, "kyudo", hupendwa sana na wageni, lakini ujue kwamba anayeanza hukaa wiki nyingi akifundishwa kusimama na kuvuta ukanda wa mpira kabla hajapewa mshale wa kulenga shabaha. Kwa muhula mmoja unaweza kuondoka bila kuwahi kupiga shabaha hata mara moja. "Sado", utaratibu wa chai, hulipa mapema zaidi: ndani ya wiki chache utakuwa unaweza kumkaribisha mgeni kikombe. Kinachotesa ni magoti, kwa kuwa unakalia miguu iliyokunjwa. Ganzi ikikushika usinyanyuke kwa pupa, utaanguka mbele za watu.

Halafu kuna mlango ambao wengi hawaufikirii. Chuo Kikuu cha Osaka kina wanafunzi wanaochukua shahada yenye Kiswahili kama lugha kuu, na Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Tokyo pia kinasomesha Kiswahili. Ukiwa karibu na mojawapo, wewe ndiye unayetafutwa. Mahali pengine popote, uliza klabu ya "kokusai koryu", ya kukutanisha wenyeji na wageni, au ESS, klabu ya mazungumzo ya Kiingereza iliyopo katika vyuo vingi. Hizi mbili humpokea mgeni mwezi wowote. Kasoro yake ni kwamba utazungumza Kiingereza na wageni wenzako hadi unarudi. Zifanye daraja la kuvukia, usilale hapo.

Aprili na Septemba

Mwaka wa masomo Japani huanza Aprili. Wiki za mwanzo wa mwezi huo ndizo "shinkan", msimu wa kuwakaribisha wapya: njia za chuo hujaa meza, mabango na watu wanaokusukumia vipeperushi mkononi mpaka mkoba unakataa kufunga. Aliyefika Aprili hana haja ya kuandika barua kwa mtu. Akusanye vipeperushi, aende kwenye mikutano ya utambulisho, ambayo mengi ni ya bure, na achukue wiki mbili au tatu kabla ya kuamua. Kuhudhuria klabu tano katika msimu huo si utovu wa adabu, kila mtu anafanya hivyo.

Wanafunzi wengi wa kubadilishana lakini hufika Septemba mwishoni, muhula wa vuli unapoanza. Wakati huo meza zimeshaondolewa na waliojiunga Aprili wameshakuwa ndugu. Baadhi ya klabu hufanya usajili mdogo wa vuli. Nyingi hazifanyi, ila hazikatai mtu akibisha hodi. Tatizo ni kwamba sherehe za chuo, "gakuensai", katika vyuo vingi huwa mwanzoni mwa Novemba, na Oktoba nzima klabu zinahangaika na maandalizi. Ujumbe wako unaweza kukaa siku kumi bila jibu kwa sababu hiyo tu. Njia mbili zinafaa: andika wiki ya kwanza ya Septemba ukiwa bado nyumbani, au fika Oktoba ukisema unaweza kusaidia kazi za sherehe. Mikono ya kubeba meza haijawahi kukataliwa.

Kabla ya kuondoka Zanzibar

Weka programu ya LINE kwenye simu yako na uisajili kwa namba yako ya nyumbani ukiwa bado unapokea ujumbe mfupi. Klabu nyingi zinaendeshwa humo: tangazo, kura ya nani atakuja, picha, deni la ada. Usitegemee kutafutana kwa jina la utambulisho, kwani huduma hiyo hudai uthibitisho wa umri kupitia kampuni za simu za Japani na hukwama kwa wageni. Jifunze kutoa na kusoma msimbo wa mraba wa QR, ndivyo watu wanavyoongezana wakiwa wamesimama mlangoni.

Orodha ya klabu zilizotambuliwa iko kwenye tovuti ya chuo, mara nyingi katika kurasa za Kijapani tu. Ipitishe kwenye programu ya tafsiri upate majina, halafu tafuta kila jina Instagram na X. Akaunti ambayo picha yake ya mwisho ni ya miaka miwili nyuma, hiyo klabu imekufa au inakaribia. Inayoweka tarehe za mazoezi kila mwezi iko hai.

Kwenye sanduku tia viatu vya michezo vyenye soli safi isiyoacha alama, visivyowahi kutembea nje. Ukumbi wa michezo wa Japani hauingiwi na kiatu kilichotoka barabarani. Viatu hupimwa kwa sentimita, na maduka mengi ya kawaida huishia 28. Mwenye mguu mkubwa zaidi anunue nyumbani. Dada anayevaa mtandio na anayetaka mchezo achukue mtandio wa michezo wa kuvuta, usio na pini, angalau miwili. Pini kwenye judo ni hatari kwako na kwa mwenzako, na kwenye kendo, mchezo wa kupigana kwa panga za mianzi, kofia ya kinga yenye wavu wa chuma usoni hukaa juu ya kichwa kilichofungwa kitambaa, kwa hiyo mtandio uliobana hauna shida, pini ndiyo yenye shida.

Ujumbe wa kwanza na siku ya kutazama

Uandike kwa Kijapani, mfupi, hata kama Kijapani chako ni cha kubahatisha. Ujumbe wa Kiingereza huogopesha. Mpokeaji ni kijana wa miaka 20 anayeona haya kujibu vibaya, basi hajibu kabisa. Mambo manne yawemo: wewe ni nani, unakaa mpaka lini, kiwango chako, na unachoomba. Mfano, kwa herufi zetu:

"Hajimemashite. Tanzania no Zanzibar kara kita kokan ryugakusei no (jina) to moshimasu. Kugatsu kara hachigatsu made imasu. Kyudo wa shoshinsha desu ga, kengaku ni itte mo yoroshii desho ka. Yoroshiku onegai itashimasu."

Yaani: naitwa fulani, mwanafunzi wa kubadilishana kutoka Zanzibar, nipo kuanzia Septemba hadi Agosti, kyudo sijawahi, je naweza kuja kutazama. Uandike kwa herufi za Kijapani kwa msaada wa mwalimu wako wa lugha au mwanafunzi mwenyeji uliyepangiwa na chuo. Miezi ya kukaa usiifiche kwa kuogopa kukataliwa. Klabu ikigundua Januari kwamba unaondoka Februari, wakati wameshakupangia nafasi kwenye onyesho la Machi, hapo ndipo pana ubaya.

Jibu zuri litakuwa na siku, saa na mahali. Saa zao ni za kuhesabu 24: 18:30 ni saa kumi na mbili na nusu jioni ya kwetu, na wengine huandika hata 25:00 kwa maana ya saa saba usiku. Ukisoma "7:00" usije ukafika saa saba mchana. Jibu likisema "chotto muzukashii", maana yake hapana. Usiombe sababu, shukuru na andikia klabu nyengine.

"Kengaku" ni kutazama tu, "taiken" ni kujaribu kwa mwili. Fika dakika tano hadi kumi kabla. Mtu akipita, inamisha kichwa kidogo na useme "otsukaresama desu", hata kama hujachoka wala yeye hajachoka. Ndiyo salamu ya klabuni mchana na usiku. Ile mfululizo wetu wa habari za nyumbani, watoto na kazi haina nafasi pale. Kaa walipokuelekeza, usipige picha bila ruhusa, na usiondoke kimya: mwenye kutangulia husema "osaki ni shitsurei shimasu".

Baada ya mazoezi muulize mwenyekiti, "daihyo", maswali haya papo hapo, kwani hakuna atakayekueleza kwa hiari yake. Ni siku ngapi kwa wiki, na zipi za lazima? Mtu asipokuja inakuwaje? Ada ya kuingia ni kiasi gani na ya mwaka kiasi gani, na mwenye muhula mmoja hulipa nusu? Vifaa vinaazimwa au hununuliwa? Kuna kambi ngapi, na ni lazima? Karamu za unywaji je? Akijibu waziwazi, ni klabu nzuri. Akizunguka kwenye suala la fedha, subiri kidogo.

Fedha

Kwa viwango vya 2025, yeni 1,000 ni kiasi cha shilingi 16,000 hadi 18,000. Saakuru nyingi hutoza yeni elfu chache kwa mwaka, za ukumbi na vifaa. Bu za michezo hupanda hadi makumi ya elfu. Kinachovunja mfuko lakini si ada, ni vitu vinavyofuata: fulana ya klabu, nauli, karamu ya yeni 3,000 hadi 4,000 kila baada ya wiki kadhaa, na kambi, "gasshuku", ya siku tatu au nne wakati wa likizo ya kiangazi au ya kuchipua, inayoweza kufika yeni 30,000 na zaidi. Mwenye kuishi kwa posho ya ufadhili apige hesabu ya kambi moja tangu mwanzo au aseme mapema kwamba hatakwenda.

Usinunue vifaa mwezi wa kwanza. Klabu za kyudo na kendo huwa na vifaa vya kuazima vilivyoachwa na waliohitimu. Seti ya kendo ya kujikinga ikinunuliwa mpya ni makumi ya elfu ya yeni, na haibebeki kurudi nayo. Unachohitaji kununua wewe kwa kawaida ni vazi la mazoezi, na kwenye kendo, upanga wa mianzi. Kwa dada, vazi hilo lina mikono mipana na sketi ndefu ya "hakama" inayofika kwenye fundo la mguu; ukivaa fulana ya mikono mirefu ndani, stara imekamilika.

Ada hulipwa kwa mweka hazina, kwa fedha taslimu katika bahasha yenye jina lako au kwa programu ya simu. Chukua risiti au hata picha ya orodha.

Bima

Anayekaa zaidi ya miezi mitatu huandikishwa bima ya afya ya taifa, na ukienda hospitali hulipa wewe asilimia 30 tu ya gharama. Vyuo vingi pia huwakatia wanafunzi bima ya ajali iitwayo "Gakkensai", ambayo shughuli za klabu imo ndani yake ikiwa klabu imetambuliwa na imetoa taarifa ya shughuli hiyo chuoni. Ukivunjika mkono katika klabu isiyotambuliwa, hiyo haikuhusu. Kupanda milima kwa vifaa na michezo mengine ya hatari pia huwekwa nje. Nenda ofisi ya wanafunzi na uulize suala moja tu: klabu hii imo kwenye orodha yenu?

Sala, chakula na vinywaji

Hapa ndipo kijana wa Kiislamu hutatizika kuliko kwenye lugha, na karibu yote hutengenezeka yakisemwa mapema.

Kwetu Magharibi haichezi sana, mwaka mzima huzunguka saa kumi na mbili na nusu. Tokyo, mwezi wa Disemba jua linazama kama saa kumi na nusu jioni, yaani kabla ya kipindi cha mwisho cha masomo, na mwezi wa Juni linazama kama saa moja usiku, katikati ya mazoezi. Kwa hiyo mwenye kujiunga vuli haoni tatizo klabuni, na Mei ikifika ghafla Magharibi inaangukia mazoezini. Mwambie mwenyekiti tangu wiki ya kwanza kwamba utakuwa unatoka dakika kumi: "Oinori no tame ni, juppun hodo nukete mo ii desu ka." Ukiiomba siku hiyo hiyo katikati ya mechi ataduwaa; ukiisema mapema atakuonesha hata chumba cha kubadilishia nguo kilicho wazi. Udhu chukua kabla ya mazoezi. Kunyanyua mguu kwenye sinki la pamoja huwashtua wenyeji na huacha maji sakafuni, jambo wanalolichukia sana; beba chupa ya maji ukafanyie chooni au nje, au vaa khufu, zile soksi za ngozi za kupangusia juu. Vyuo kadhaa vina chumba cha kuswalia, na vingi vikubwa vina jumuiya ya wanafunzi Waislamu ambayo ni klabu ya kujiunga nayo siku ya kwanza, kwani wao ndio wanaojua duka la nyama halali lililo karibu na mkahawa wa chuo wenye chakula halali.

Karamu ya "nomikai" ndiyo inayotia hofu. Sheria ya Japani inakataza pombe kabla ya miaka 20, na utu uzima uliposhushwa hadi miaka 18 mwaka 2022, umri wa pombe haukuguswa. Kwa hiyo mezani mara nyingi wapo wasiokunywa, na wewe si wa peke yako. Anayepanga karamu mwambie siku ya kura ya mahudhurio, si mezani: "Shukyo no riyu de, osake to butaniku wa dame desu", kwa sababu ya dini pombe na nguruwe siwezi. Ukitaja dini mjadala huisha, kuliko kusema hupendi. Kwenye meza agiza mapema chai ya "uroncha", ishike mkononi wakati wa kugonganisha glasi, na mtindo wa kummiminia mwenzako kinywaji unaweza kuuacha, hakuna atakayedai. Bei ya "nomihodai", kunywa bila kikomo, aghalabu hugawanywa sawa kwa wote hata kwa mnywa chai. Uliza kama kuna bei ya wasiokunywa, au fika mwisho wa chakula, au kubali kwamba umelipia mazungumzo. Anayeona hata kukaa meza ya pombe hakumfai, aseme hivyo na aombe chakula cha mchana badala yake. Klabu nyingi zitafanya.

Kwenye chakula, nguruwe ajulikanaye ndiye mwepesi kumkwepa. Aliyejificha ndiye taabu: supu ya tambi za rameni mara nyingi huchemshwa kwa mifupa yake, maandazi ya "gyoza" aghalabu yana nyama yake ndani, na michuzi mingi ina "mirin" au "sake" ya kupikia, ambazo ni pombe. Kuku wa kukaanga mara nyingi amelowekwa humo. Samaki mbichi, maharage ya "edamame", wali mweupe na samaki wa kuchoma kwa chumvi ni kimbilio. Pweza utamkuta kila mahali ndani ya vidonge vya "takoyaki". Pweza mwenyewe hana tatizo, sosi yake iulizwe.

Kambi ina mtihani wake ambao hauandikwi kwenye tangazo: kuoga. Nyumba nyingi za kambi zina bafu moja kubwa la wanaume na moja la wanawake, na watu huoga pamoja uchi kabisa. Hata taulo haliruhusiwi ndani ya maji. Muulize mpangaji kabla ya kulipa kama kuna shawa ya peke yake, au uombe uingie mwisho, wote wakishatoka. Kulala ni chumba kimoja kwa jinsia moja, magodoro chini. Ukiwa safarini masafa yakitosha, kukusuru na kukusanya sala kutakuondolea mzigo. Angalia pia kalenda: mwaka 2027 Ramadhani inatarajiwa kuanza wiki ya pili ya Februari, mwezi ukiandama, na hapo ndipo kambi za likizo ya kuchipua zinapoanza.

Kukaa vizuri ndani ya klabu

Kutangulia kujiunga ndiko kunakompa mtu cheo. Aliyeingia mwaka mmoja kabla yako ni "senpai" hata ukimzidi umri, na huitwa hivyo au kwa jina la ukoo na "san". Mgeni wa mwaka wa tatu anayeanza leo hukaa pabaya kidogo, si mkubwa si mdogo. Wengi watakuita kwa jina lako na "san", nawe uwatendee wote kwa lugha ya heshima mpaka wakuambie vyenginevyo. Mwisho wa mazoezi kila mtu hufagia. Aliyeingia karibuni ndiye anayetangulia kwenye fagio, na mgeni anayesimama kando akichezea simu huonekana.

Kura ya mahudhurio ijibu siku ile ile. Usiku wa manane ukiona huwezi kufika kesho, andika kabla ya mazoezi kuanza, mstari mmoja wenye sababu. Hakuna atakayekugombeza ukikosa bila taarifa, na huko kunyamaza kusikudanganye. Mara mbili au tatu utaona hutajwi tena kwenye mipango, na kurudi kutoka hapo ni vigumu.

Klabu ikitumbuiza kwa malipo, ukapewa chako, hiyo ni kazi. Mwenye hadhi ya mwanafunzi anahitaji kibali cha kufanya kazi, na mwisho ni saa 28 kwa wiki. Kataa mgao kama huna kibali.

Klabu za uongo

Vyuo vya Japani huwaonya wanafunzi kila Aprili juu ya vikundi vya imani vinavyojificha nyuma ya jina la klabu ya michezo, kujitolea au mazungumzo, na juu ya biashara za mnyororo, za kulipwa kwa kuwaingiza wengine. Mgeni mpweke ni windo rahisi. Dalili zake: anakusimamisha mtu peke yake, si kundi, anataka anwani yako kabla ya kukuambia jina la klabu, kikao kiko kwenye nyumba nje ya chuo, hawataki uje na rafiki, na suala la ada linajibiwa kwa tabasamu. Jina lisipokuwepo kwenye orodha ya chuo, muulize ofisa wa wanafunzi wa kimataifa kabla ya kikao cha pili.

Sherehe za Novemba

Maombi ya vibanda vya chakula hufungwa miezi kabla, hivyo aliyefika Septemba hafungui chake, hushika zamu katika cha klabu. Vyuo vingi hudai kila anayegusa chakula apimwe choo maabara, na matokeo huchukua siku. Tarehe ya kupeleka ikikupita, utapewa kazi ya kupiga kelele za kuita wateja. Ukiwa wa Aprili, na klabu ikatafuta chakula cha kuuza mwaka huo, pendekeza vitumbua. Bamba la takoyaki lina matundu ya duara yanayofaa kabisa, madogo kuliko ya chuma chetu, kwa hiyo vinaiva haraka na huuzwa kwa sita. Unga wa mchele na tui la kopo vinapatikana, hiliki pia. Waoneshe kamati ya usafi wa chakula orodha ya vitu vyote kwanza, maana kuna chuo kitakachokataa tui.

Kuondoka

Mwezi mmoja kabla, mwambie mwenyekiti tarehe. Rudisha vazi na vifaa vilivyofuliwa, maliza deni, na usipange safari jioni ya mkutano wako wa mwisho. Kuna uwezekano wamekuandalia kadi ya mraba yenye maandishi ya kila mtu. Zawadi ya kuwapa iwe inayogawika, kipande kimoja kimoja kilichofungwa, mtu mmoja kipande chake. Kashata na halua kavu iliyokatwa vidogo vinafaa, viungo vikavu katika pakiti ya dukani pia. Nyama na matunda mabichi usithubutu kupita nayo forodhani.

Kama LINE yako uliihamishia kwenye namba ya Japani, iunganishe na barua pepe na nywila, kisha uirudishe kwenye namba ya nyumbani kabla ya kufunga laini. Namba ile itapewa mtu mwengine, na akaunti iliyoachwa juu yake huenda nayo pamoja na kundi zima la klabu.